Nairobi: Jasho Lililo Nyuma ya Mashine

Ndugu msomaji, ukiondoka Arusha kwa basi la alfajiri, ukavuka mpaka wa Namanga, ukapita Kajiado na Kitengela, utaingia Nairobi kwa njia ya wafanyakazi. Kwanza utakutana na viwanda vya saruji vya Athi River, kisha eneo la viwanda vya kuuza nje, ambako maelfu ya akina mama na vijana hushona nguo zinazovaliwa Marekani. Kuanzia Mlolongo utaiona ile barabara mpya ya kulipia, yenye urefu wa kilomita 27 hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Mbele kidogo inapanda juu ya nguzo, na wenye haraka na fedha wanapita huko juu. Basi letu lilipita chini, katikati ya matatu na malori, na kwa mwendo ule nilipata nafasi ya kutosha ya kutazama.

Kushoto kwako kuna mbuga ya wanyama. Kulia, nyuma ya maghala, yanaonekana maghorofa ya Pipeline huko Embakasi, yaliyobanana kiasi kwamba nguo zilizoanikwa kwenye roshani ya nyumba moja hukaribia kugusa za nyumba ya pili. Katikati ya mbuga na maghorofa hayo, kando ya Barabara ya Mombasa, yamesimama majengo ya ofisi yenye vioo. Humo hakuna cherehani wala tanuru, wala moshi hautoki. Lakini hivyo navyo ni viwanda, na ndivyo vilivyonileta.

Bila shaka umekwisha kusikia habari za mashine zinazojibu maswali, kuandika barua na kuchora picha. Sisi Tanzania tunaziita akili mnemba. Wenzetu wa Kenya wanasema akili unde, na mimi nakiri kwamba jina lao linanipendeza zaidi, kwa kuwa linakumbusha kuwa kuna aliyeunda. Watu wengi hudhani mashine hizo zimejifunza zenyewe. La hasha. Ili mashine itambue mtu anayevuka barabara, lazima kwanza binadamu akae mbele ya kompyuta, achukue picha moja baada ya nyingine, azungushie mstari kila mtu, kila gari na kila mti, na kuandika hiki ni nini. Baada ya picha hizo kurundikana kwa malaki, ndipo mashine inapoanza kubahatisha na kupatia.

Katika kibanda kimoja cha chakula karibu na Barabara ya Enterprise nilikula chapati na maharage, ambayo hapa huitwa madondo, pamoja na dada mmoja aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mitatu. Jina lake naliweka, na kampuni aliyoifanyia kazi sitaitaja. Ana shahada ya chuo kikuu. Mwaka wa kwanza alichora mistari kwenye picha za barabara za miji ya Marekani.

"Kaka, mimi sijawahi kupanda ndege," aliniambia, "lakini najua alama zao za barabarani kuliko za hapa kwetu."

Baadaye alihamishiwa kazi nyingine, ya kusoma maandishi na kutazama picha ambazo watu huingiza katika mitandao, ili yale maovu yaondolewe kabla mimi na wewe hatujayaona. Aliona watu wakichinjwa. Aliona mambo waliyotendewa watoto ambayo hakutaka kuyasema, nami sikumlazimisha. Alikuwa ametia sahihi karatasi ya kutunza siri, hivyo hata nyumbani hakuruhusiwa kueleza. Mama yake, aliyeko Kakamega, alijua tu kwamba binti anafanya kazi ya kompyuta mjini, kazi safi, ya kiti na meza. Alipoona binti hali nyama tena wala hapati usingizi, akadhani ni mambo ya mapenzi.

Siku alipoamua kumweleza, mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Na tajiri wenu ni nani?"

Binti alishindwa kujibu. Hati ya mshahara ilikuwa na jina la kampuni ya Nairobi. Kazi ilikuwa ya kampuni ya ng'ambo ambayo jina lake hawakuruhusiwa hata kulitaja mitaani.

Ndugu msomaji, swali hilo la mama wa Kakamega limekuwa likizungushwa na mawakili katika mahakama za Kenya kwa miaka kadhaa sasa. Nitakueleza kwa kifupi, maana habari yenyewe ni ya hadharani. Kampuni ya Sama, iliyoanzishwa mwaka 2008 huko Marekani, ilikuja Afrika Mashariki na wazo ambalo kwa haki halikuwa baya: kwamba maskini wapewe kazi badala ya sadaka. Vijana wengi wa mitaa duni walipata mshahara wao wa kwanza wa ofisini kwa njia hiyo. Kwa miaka kadhaa Sama iliifanyia Meta, wenye Facebook, kazi ya kukagua maudhui ya nchi nyingi za Afrika. Katika ukumbi mmoja walikaa Waethiopia, Wasomali, Waganda, watu wa Afrika Kusini na Wakenya, kila mmoja akitazama maovu katika lugha ya mama yake. Hebu fikiri hali ya Mwethiopia aliyekuwa akitazama picha za vita vya Tigray, akihofu kila saa kumwona jirani yake.

Mwezi Mei 2022 mfanyakazi wa zamani kutoka Afrika Kusini alifungua kesi Nairobi dhidi ya Sama na Meta. Mwezi Januari 2023 Sama ilitangaza kuacha kazi ya ukaguzi, na watu wapatao 260 wakaambiwa ajira zao zimekwisha. Zaidi ya 180 kati ya wakaguzi walikwenda mahakamani, wakidai kwamba wameachishwa kinyume cha sheria. Meta ilijibu kwamba haina makao Kenya na kwamba si mwajiri wao, kwa hiyo mahakama za Kenya haziwezi kuishtaki. Mahakama ya kazi ilikataa hoja hiyo mwaka 2023, na tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufani nayo ikaitupa rufaa ya Meta. Mwezi Desemba mwaka huohuo ilijulikana kuwa wafanyakazi zaidi ya 140 walikuwa wamepimwa na daktari bingwa wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, wakakutwa na maradhi ya akili yanayotokana na mambo ya kutisha. Mabwana wakubwa walikuwa wamezoea kudhani kuwa umbali ni ngome. Majaji wa Nairobi waliitoboa.

Sasa tazama bei. Jarida la Time la Marekani lilieleza mwezi Januari 2023 kwamba kampuni ya OpenAI, iliyotengeneza ile ChatGPT iliyotolewa Novemba 2022, iliipa Sama kazi ya kusoma maandishi machafu na kuyawekea alama, ili mashine ifundishwe kuyakwepa. Kwa mujibu wa jarida hilo, mkataba ulikuwa wa dola 12.50 kwa saa, na mfanyakazi alipeleka nyumbani kati ya dola 1.32 na 2. Sama ilijitetea kwamba bei ile ilibeba pia gharama za ofisi na marupurupu, na kwamba washauri nasaha walikuwapo. Huenda. Hata hivyo mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa, na hesabu ya namna hii tuliijua nyumbani, tukilinganisha bei ya kilo shambani na bei ya kikombe kule Ulaya.

Na kazi yenyewe haina mizizi. Mwezi Machi 2024 jukwaa la Remotasks, lililokuwa likiwapa vijana wengi wa Kenya vibarua vya aina hii wakiwa majumbani mwao, lilifunga mlango wake Kenya kwa barua pepe tu. Cherehani ikihamishwa, angalau lori linaonekana.

Siku ya pili niliiacha Barabara ya Mombasa nikaenda Kaloleni, mtaa wa kale wa wafanyakazi upande wa mashariki ya mji. Upo hapo ukumbi wa jumuiya ambao kwa nje hautakushangaza. Lakini usisahau kwamba Nairobi ilizaliwa kama kambi ya reli mwaka 1899, na tangu hapo kila chombo kipya kilichoingia hapa kilikuja na swali la nani anakibeba. Humo Kaloleni, mwezi Aprili 1950, Makhan Singh, fundi wa vyama vya wafanyakazi aliyezaliwa Punjab, alisimama mkutanoni akadai uhuru wa nchi zote za Afrika Mashariki. Mwaka mmoja kabla yake, siku ya Mei Mosi, yeye na Fred Kubai walikuwa wameunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni ilimkamata Mei 15, 1950, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Hakuachiwa hadi mwaka 1961.

Basi nilifurahi, na sioni haya kusema hivyo, kukumbuka kwamba tarehe 1 Mei 2023, katika mji huuhuu, wafanyakazi zaidi ya 150 wa Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana wakapiga kura ya kuunda chama chao. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa Makhan Singh alipofariki mwaka 1973. Dada yule wa kibandani alikuwapo. Alisema jambo lililomshangaza zaidi ni kusikia watu wakitamka kwa sauti kubwa, mbele ya wenzao, mambo waliyokatazwa kuwaambia wake na waume zao.

Serikali ya Kenya ilizindua mwezi Machi 2025 mkakati wake wa taifa wa akili unde hadi mwaka 2030. Nguzo zake kuu ni tatu: miundombinu, data, na utafiti na ubunifu. Yote hayo yanahitajika, na kukuza vipaji pia kumetajwa. Ila mtu anayekaa mbele ya kioo saa nane kutwa hakupewa nguzo yake, na hapo ndipo sera hii itakapopimwa. Nchi ikitangaza kwamba ina vijana wengi wanaojua Kiingereza na mishahara yao ni nafuu, wateja watakuja, hilo halina ubishi. Kabla hawajaja, sheria iseme nani atamlipia daktari yule binti, na nani atajibu akiulizwa.

Tusijidanganye kwamba hayo ni ya Nairobi pekee. Dar es Salaam nako kuna vijana wenye shahada na intaneti, na Kiswahili chetu ni bidhaa ambayo mashine zinaihitaji.

Tulipoagana dada huyo aliniomba nimtumie sheria yetu ya kazi, aone kama inamtambua mteja wa mbali. Niliporudi niliitafuta Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Ilitungwa mwaka 2004, mwaka uleule Facebook ilipoanzishwa. Inasema mwajiri ni mtu yeyote, ikiwamo Serikali, anayemwajiri mfanyakazi. Niliupigia mstari ukurasa huo nikampelekea. Akajibu kwamba atamsomea mama.