Bariadi, Ngoma Inakoanzia Kwenye Jembe

Ukitoka Mwanza, barabara inaambaa na ziwa kupita Kisesa na Magu hadi Lamadi, kisha unakata kulia kwenda Bariadi. Huo ndio mkoa wa Simiyu, uliomegwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012: nchi pana, mbuyu hapa na pale, na kuanzia Mei pamba imerundikana kwenye vituo vya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Njoo msimu huo ukiisha. Mkulima akishauza pamba, Usukuma, nchi ya Wasukuma, unacheza.

Mimi nilifuata bugobogobo, ngoma ya jembe. Asili yake ni shambani, watu wakilima kwa safu huku mpigaji akiwashika pamoja. Hadi leo wachezaji hurusha majembe juu na kuyadaka bila kuachia mdundo. Ndiyo maana mzee aliyekubali kunifundisha, kijijini nje kidogo ya mji, alinikabidhi jembe kwanza.

"Lima, mwanangu. Ngoma haikimbii."

Nikalima, na yeye akihesabu kwa mdomo. Jembe likipanda, kimya. Likitua, pigo zito. Likivuta udongo, mapigo mawili mepesi yanayofuatana. Mgongo ulipozoea, ngoma ikaletwa, ya mti na ngozi ya ng'ombe, ikaoteshwa moto wa nyasi kavu. Mzee akaigonga kwa kidole, akatega sikio, akairudisha motoni. Hakuridhika mpaka ngozi ilipolia kwa ukali. Pembeni wajukuu zake walikuwa tayari wanalipiga pigo lile lile kwenye debe. Kule Trinidad mapipa ya mafuta yamezaa ala kamili yenye noti zake. Hapa debe ndilo chekechea, na watoto wale hawakukosea hata pigo moja.

"Wabeja, guku," nilimshukuru babu huyo kwa Kisukuma, naye akaniagiza nikaone mashindano ya ngoma.

Ni kweli, usiondoke bila kuwaona Wagika na Wagalu, vyama vya ngoma vilivyoanza karne ya 19. Wanacheza kwa wakati mmoja, kila upande na eneo lake, na ushindi ni wa anayevuta watu wengi. Sijaona shindano la haki kuliko hilo: mtazamaji anapiga kura kwa miguu yake. Upande mmoja ukizidisha kasi, kina mama, vijana na wazee wote wanahamia huko mbio, vumbi linatimka, na wapigaji wa upande wa pili wanabadilisha pigo papo hapo kuwarudisha. Vaa viatu vya kukimbilia.