Mgeni wa Ueno

Kiswahili kina neno moja, mgeni, kwa yule anayechinjiwa kuku na kwa yule anayefukuzwa. Wajapani wanayo mawili: okyaku, wa kukaribishwa, na gaikokujin, mtu wa nchi ya nje. Tofauti hiyo ilikuwa akilini mwa mwanafunzi mmoja, binti wa Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, alipoingia Bustani ya Ueno jijini Tokyo mwanzoni mwa Aprili 2019, wakati wa hanami, yaani sherehe ya kutazama maua ya micheri.

Umati ulikuwa kama wa siku ya maonyesho ya kilimo. Vibandani viliuzwa vitumbua vya pweza. Chini ya miti yalitandikwa maturubai ya buluu, viatu vimepangwa kandoni kama mlangoni pa msikiti. Mzee mmoja alimpungia mkono. Binti akavua viatu, akaketi, akapewa tonge la wali lililofungwa kwa mwani. Kisha likaja swali alilolitazamia: anatoka wapi?

Kaptembwo swali hilo halina wepesi. Huko huulizwa, "Kwenu ni wapi?" na anayejibu "hapa hapa" huulizwa tena, "La, kwenu hasa?" Jina la mtaa ni la Kikalenjini, ilhali vyumba vyake vya kupanga vimejaa watu wa makabila mengi: ua mmoja, bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo. Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipoufikia mji, jirani aliyezoea kuwaazima sufuria alibisha usiku. "Mama, ondokeni leo," alinong'ona. "Wanasema ninyi ni wageni." Binti alikuwa na umri wa miaka 11, na chumba hicho ndicho alichozaliwa. Walihamia uwanja wa maonyesho, miongoni mwa maelfu ya wakimbizi wa ndani. Je, jirani yule aliwaokoa au aliwafukuza? Mamake hakupata kulijibu swali hilo, na pengine si haki kumdai jibu.

"Nakuru," akamwambia mzee. Mzee akaitikia kwa kichwa, akammiminia chai. Hapakuwa na "hasa".

Lakini Ueno nayo ina yake. Tetemeko la tarehe 1 Septemba 1923 lilipoiteketeza Tokyo kwa moto, watu laki kadhaa walikimbilia bustani hiyo hiyo. Siku zile ukaenezwa uvumi kwamba Wakorea walitia sumu visimani. Maelfu yao wakauawa. Vizuizini, msafiri aliamrishwa kutamka "yeni 15 na seni 50" kwa Kijapani, maneno yanayoanza kwa konsonanti ghuna ambazo ulimi wa Mkorea huelekea kuzifanya sighuna. Wanafunzi wa fonetiki hutahiniwa sauti hizo kwenye karatasi. Nakuru hapakuhitajika hata fonetiki. Jina kwenye kitambulisho lilitosha.

Jioni binti alipoinuka, alikuta viatu vyake vimegeuzwa, ncha zikielekea njiani. Ni adabu ya Wajapani kumwekea mgeni viatu hivyo ili avivae bila taabu. Alilijua hilo. Hata hivyo alisimama kwa soksi juu ya turubai, petali zikimdondokea, akavitazama kwa muda kabla ya kuvivaa.