Kamala Hakusema Neno

Kwa miaka mingi nimeona haya kukiri kwamba napenda mieleka ya Wamarekani. Mtu mzima hatarajiwi kukaa mbele ya televisheni akitazama majitu yakitupana ulingoni, hali kila mtu anajua kuwa mshindi alikwisha kupangwa. Lakini mimi huitazama kama nilivyosikiliza hadithi za bibi. Nazo zilikuwa zimepangwa; sungura alishinda kila usiku, na bado tulikaa. Kinachoniudhi katika mieleka si uongo wake. Huniudhi wenye mchezo wanapokuwa na hadithi nzuri mkononi, kisha wakaiacha ianguke.

Wapenzi wa mchezo huu kila mmoja ana hadithi yake iliyoharibiwa. Wengi watakutajia mwaka 2001, WWF ilipomnunua mpinzani wake mkubwa, WCW, halafu uvamizi uliongojwa kwa hamu ukamalizwa kabla ya mwaka kwisha. Sibishani nao. Ya kwangu ni ndogo, nayo inamhusu Kamala, Jitu la Uganda.

Kamala hakuwa Mganda. Alikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi, mwaka 1950. Mwaka 1982 huko Memphis, Jerry Lawler na Jerry Jarrett walimpaka rangi usoni, wakamchora nyota kifuani na mwezi tumboni, wakampa kinyago na mkuki, wakampeleka ulingoni peku. Watu wakaambiwa kwamba alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Picha za kumtambulisha, zilizodaiwa kutoka Afrika, zilipigwa shambani kwa Jarrett, Tennessee. Kamala hakusema neno. Alinguruma na kujipiga tumbo, na kila mahali aliongozwa na mtu aliyejifunika uso, amevaa kofia ya wawindaji, jina lake Kim Chee. Hata kumshinda mtu hakujua: alimlalia mpinzani aliyelala kifudifudi, refa akakataa kuhesabu, na uwanja mzima ukacheka.

Na sisi tulicheka, katika kibanda cha video Bukoba, ambako kanda zilifika zimechelewa hata mwaka mzima. Tena tulikuwa na kichekesho cha ziada, kwa maana Kamala ni jina la watu wa kwetu, na darasani tulikuwa naye mmoja. Hatukumwita tena kwa mdomo; tulijipiga tumbo. Mwishowe akaacha kuandika jina la baba yake kwenye madaftari, akabaki na la ubatizo peke yake. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliojipiga tumbo.

Jioni moja aliingia kibandani mzee mmoja aliyekuwa askari katika vita vya Kagera. Majeshi ya Amin yalipovuka mpaka mwaka 1978 alikuwa mpiganaji, na Aprili 1979 aliingia Kampala na wenzake. Tukamwamkia, tukampisha kwenye benchi. Akatazama kidogo, akauliza yule ni nani. Tukamjibu kuwa ni mlinzi wa Amin, babu.

"Hapana," akasema. "Askari wa Amin walivaa buti, wajukuu zangu. Tena walisema Kiswahili. Usiku tulikuwa tukitukanana nao, sisi huku na wao kule, na kila mtu alimwelewa mwenzake."

Maneno hayo hayajanitoka. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la Uganda tangu enzi za Waingereza. Kwa hiyo katika uongo ule wa Memphis, lugha ya mtu yule ilikuwapo, imekaa tu, inangoja atokee mtungaji mmoja wa kuuliza. Hebu fikiri: miaka yote wanamsikia akinguruma, halafu usiku mmoja anamgeukia Kim Chee na kumwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Niache." Wamarekani wasingeelewa neno hilo. Lakini wangeelewa kwamba siku zote alikuwa na maneno.

Na mlango ulifunguka. Agosti 1992 Kamala alipambana na Undertaker uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu karibu 80,000. Novemba mwaka huohuo Undertaker akamshinda tena, akamtia katika jeneza na kulipigilia misumari. Hadithi gani inataka zaidi ya hapo? Mnyama amezikwa, anayetoka ni mtu. Mapema mwaka 1993 wakaelekea huko hasa. Mchungaji Slick akasimama upande wa Kamala, akamwambia kwamba yeye ni binadamu, si mnyama, naye Kamala akawageuka waliokuwa wakimwongoza. Nakumbuka kibanda kilinyamaza. Hakuna aliyejipiga tumbo.

Baadaye wakafanya nini? Wakamwonyesha Slick akimfundisha mchezo wa kuviringisha tufe na kuangusha pini. Mtu ametoka kaburini, anafundishwa kuviringisha tufe! Aliwekewa pambano na Bam Bam Bigelow katika WrestleMania ya 9, Las Vegas, tarehe 4 Aprili 1993. Likafutwa siku hiyohiyo kwa sababu muda ulikuwa umebana. Mwaka haukwisha Harris akawa ameondoka.

Aliwahi pia kuendesha malori. Kisukari kilimkata mguu mmoja mwaka 2011 na wa pili mwaka 2012. Mwaka 2014 alitoa kitabu cha maisha yake, Kamala Speaks, yaani Kamala Anazungumza, na mwaka 2020 akafa kwa UVIKO.

Kanda ya WrestleMania hiyo ilipofika kwetu, mzee yule alikuja mapema, akalipa kiingilio kama sisi. Tukatazama mpaka mwisho. Taa ilipowashwa hakuinuka.

"Na yule wa kwetu?" akauliza.

Mwenye kibanda akasema labda amepitwa, kanda hizi za kurekodi huruka vipande. Akairudisha nyuma, akazima taa, tukaanza kutazama upya.