Kompresa au Betri: Barua kwa Mpwa Wangu

Kajiado Mjini

Mpwa wangu mpendwa,

 

Ujumbe wako nimeusoma. Gari lako, Probox, limefika, nyumba uliyopanga Kitengela ina pa kuegesha, na kazi za kawaida kama magurudumu, breki na shokabzoba ungependa kuzifanya mwenyewe. Nimefurahi sana. Umeniuliza ununue kompresa na vifaa vya upepo kama vile vya gereji, au vifaa vya betri. Nunua vya betri. Sasa nikueleze kwa nini, maana dukani Kirinyaga Road utakutana na watu wenye maneno matamu kuliko yangu.

Usidhani navidharau vifaa vya upepo. Bunduki ya upepo ya kufungulia nati ni nyepesi, haina waya wa kuungua ndani, na ukiitilia matone ya oili kila siku ya kazi itakutumikia miaka na miaka. Gereji inayofungua magurudumu kuanzia asubuhi hadi jioni haina sababu ya kuiacha. Lakini bunduki hiyo haifanyi kazi peke yake. Inataka upepo wa psi 90, na upepo huo unatoka kwenye kompresa. Ile ndogo ya nguvu ya farasi 2 yenye tangi la lita 50 itakufungulia nati vizuri, kwa kuwa nati ni kazi ya sekunde chache. Ukianza kusaga kutu au kupiga msasa bodi, tangi linaishiwa na mota inanguruma bila kupumzika, wewe umesimama unasubiri. Na jirani wa upande wa pili wa ukuta ana mtoto mchanga, ulisema.

Halafu kuna stima. Kompresa ya ukubwa huo hula kama kilowati moja na nusu, na inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya hapo kwa mpigo mmoja. Ukiiunganisha kwa ekstensheni nyembamba na ndefu, volti hushuka na mota inaweza kuungua. (Ukimwona mtu ana kompresa, mwambie afupishe waya na arefushe mpira wa upepo.) Lakini betri ya volti 18 yenye amp-saa 4 hubeba wati-saa 72 tu. Kuijaza mara moja hakumalizi hata sehemu moja ya kumi ya uniti kwenye tokeni zako. Na stima ikipotea, bado una kazi mkononi. Unakumbuka Agosti 25, 2023, karibu Kenya nzima ilipoingia gizani usiku ule? Mwenye betri mbili zilizojaa angeweza kumaliza breki zake kwa taa ya simu.

Sababu inayonipa uzito zaidi ni barabara ya Namanga. Gari haliharibiki nyumbani ulikopanga vifaa vyako. Linapata pancha baada ya Isinya, jua linazama, malori yanapita kwa kasi, na nati zimekazwa na kijana wa pancha mwenye kompresa ya petroli hadi mtu mzima anasimama juu ya wili spana na bado hazitikisiki. Kompresa ya nyumbani haikusaidii hapo. Bunduki ya betri yenye uzito wa kilo mbili au tatu iko kwenye buti, unaitoa, dakika chache umeondoka.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Bunduki ni ya kufungua. Kukaza ni kwa mkono. Nati za Probox zinataka nyutoni-mita 103, na bunduki yoyote inayofaa kununuliwa inaweza kupita hapo kabla hujaachilia kidole. Nina bolti moja ya gurudumu hapa mezani ninapoandika. Ilitoka kwenye gari la mteja. Hesi zake za katikati zimevutika, zimeachana kuliko zile za mwisho, na shingo yake imekuwa nyembamba. Bolti kama hiyo hukatika siku moja gari likiwa mwendoni. Kwa hiyo anza nati kwa vidole, zikubali kuingia zenyewe, kisha kaza kwa kuvuka, ya kwanza na ile inayoitazama, na umalizie na spana inayopima nguvu ya kukaza. Ukishakwenda kilomita 80 au 100, kama kutoka Kitengela kuja kwangu na kurudi, zipime tena.

Soketi nazo ziwe zile nyeusi nene zilizotengenezwa kwa ajili ya bunduki hizi, na iwepo ya milimita 21 kwa magurudumu yako. Zile zinazong'aa ni za mkono. Ukizitia kwenye bunduki zinaweza kupasuka, na kipande kikaruka usoni. Vaa miwani.

Kuhusu namba kwenye maboksi: volti 18 na volti 20 ni betri ile ile ya seli tano mfululizo, moja imeandikwa volti zake za kawaida, nyingine volti zake ikiwa imejaa pomoni. Usilipie zaidi kwa sababu ya 20. Nyutoni-mita 400 za kufungua zinakutosha. Kilicho muhimu zaidi ni kampuni utakayoichagua, kwa kuwa betri ya moja haiingii kwenye mashine ya nyingine. Drili na grainda utakazonunua kesho zitafuata betri ya leo. Uliza kama wanauza betri peke yake, na bei yake. Na betri usiziache kwenye gari lililoegeshwa mchana wa Kitengela; zitie kwenye buti unapoanza safari. Joto huziua kuliko kazi. Zikikaa muda mrefu bila kutumika, ziwe na nusu ya chaji, ndani ya nyumba, kivulini.

Siku ukiamua kupaka gari rangi, hapo nitakushauri kompresa, na kubwa, kwa sababu rangi inataka upepo usiokatika. Utakuja uchukue yangu.

Fedha zikipungua, bunduki isubiri. Stendi mbili imara za kuegemeza gari zisisubiri. Jeki ni ya kuinua tu. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki pekee, hata kwa dakika moja, hata kama ni kuokota nati iliyobingirika. Hilo nakuomba kama mjomba.

Kabla hujalipa, nipigie picha betri na chaja, zote mbili, maandishi yasomeke, unitumie. Nitakujibu papo hapo.

Mjomba wako