Reli Ndogo na Kituo cha Kilometa 41

Juu ya meza ndefu nyumbani kwangu kuna reli. Ni mfano wa reli yetu ya Kisangani hadi Ubundu, iliyofunguliwa mwaka 1906 ili abiria na mizigo wakwepe maporomoko saba ya Boyoma.

Kipimo nilichokichagua ni moja kwa hamsini. Reli halisi ina upana wa meta moja, kwa hiyo ya mezani ina sentimeta mbili, hesabu ambayo hata mtoto wa shule ya msingi huikagua kwa rula. Vyuma vyake ni spoku chakavu za baiskeli za toleka. Mataruma ni vijiti vya mianzi. Mabehewa ni bati la makopo ya maziwa. Ardhi ni mashapo ya kahawa yaliyokaushwa juani na kubandikwa kwa gundi. Msitu ni unga wa mbao uliotiwa kijani, tena kijani cha namna tatu au nne, kwa maana msitu wa Tshopo hauna rangi moja, na mtazamaji huhisi uongo hata asipoweza kusema uko wapi. Umeme sikuuweka. Treni husukumwa kwa kidole, na watoto wa katekisimu hawajalalamika kamwe.

Kwa kipimo hicho, kilometa 125 zingedai meza ya kilometa mbili na nusu. Yangu ina meta nne. Basi kazi kubwa ya mjenzi wa reli ndogo ni kuchagua cha kuacha, na mwalimu yeyote aliyewahi kuandaa somo anaijua kazi hiyo. Nilibakiza Lubunga, ng'ambo ya mto, safari inapoanzia, daraja moja, na Ubundu, ambako abiria walipanda meli za kwenda Kindu. Nikabakiza pia Biaro, kilometa 41.

Watu wa rika langu hawahitaji maelezo. Mwaka 1997 maelfu ya wakimbizi Wanyarwanda walipiga kambi kandokando ya reli hiyo, Kasese na Biaro. Mwezi wa Aprili kambi hizo zilishambuliwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 imeyaandika mauaji hayo. Kisha, tarehe 4 Mei, treni iliyowatoa wakimbizi Biaro iliingia Kisangani ikiwa na maiti zaidi ya 90, watu waliosongamana hadi wakakosa hewa.

Mzee mmoja wa chama chetu alinikemea kwa upole: “Mwalimu, hicho ni kitu cha kuwafurahisha watoto. Usiwawekee maiti mezani.” Hoja yake naiheshimu. Lakini lugha yetu yenyewe hainipi nafasi ya kukubali: reli ina vituo, na Njia ya Msalaba ina vituo. Sijamruhusu mkatekumeni yeyote aruke kituo cha kumi na mbili kwa sababu kinasikitisha.

Hata hivyo sanamu za watu sikuziweka Biaro. Mwanadamu wa sentimeta tatu aliyelazwa chini hugeuka mchezo upesi mno. Pana uwanja uliofyekwa, majani yaliyoota upya, na behewa moja tupu. Kutu yake ni ya kweli, unga wa chuma uliokwanguliwa kwa tupa na kulowekwa katika siki siku mbili.

Watoto huuliza, nami huwajibu kwa tarehe na idadi, kisha tunawaombea marehemu. Swali gumu liliulizwa na mvulana mmoja: je, miongoni mwao hawakuwemo wauaji wa mwaka 1994? Nikamjibu kwamba walikuwemo. Walikuwemo pia watoto wachanga, ambao mwaka 1994 hawakuwa hata wamezaliwa. Hakuridhika, na sidhani nilistahili kumridhisha haraka.

Mlango wa behewa ulikuwa haujabandikwa bado yule mzee aliporudi, Jumapili baada ya Misa. Alilitazama kwa muda mrefu. Halafu akanionyesha kwa kidole upande ambao milango ilifunguliwa asubuhi walipoitwa, yeye na vijana wengine, kuwateremsha.