Tulipopika Dorayaki Itigi

Treni ya Reli ya Kati ikiondoka Manyoni kuelekea Tabora, hupita Aghondi, penye hifadhi ya nyuki, kisha huingia Itigi. Kushoto na kulia ni vichaka vilivyosongamana, ambavyo wataalamu wa mimea huvitaja kwa jina la mji huu. Siku tuliyofika, treni iliposimama tu, wauzaji walizunguka mabehewa na kuku, mayai ya kuchemsha, karanga, na asali ndani ya chupa.

Tulishuka hapo akina mama watatu, wauguzi wawili na mwalimu mmoja, kuwatembelea wanawake wenzetu wa kanisa. Wageni wengi hufika Itigi kwa ajili ya Hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Sisi safari hii tulikwenda kupika. Wenyeji wetu walitaka kujifunza kitafunwa ambacho bado hakiuzwi pale stesheni, tena kisichohitaji vitu vya kuagizwa mbali.

Mmoja wetu aliwahi kufanya kazi katika zahanati pamoja na mkunga wa kujitolea kutoka Japani. Wajapani wa kujitolea wamekuwa wakija nchini kwetu tangu miaka ya 1960, na huyu alimfundisha mwenzetu kitafunwa cha kwao kiitwacho dorayaki. Ni chapati mbili ndogo, nene na laini, zilizobana katikati maharage matamu yaliyopondwa. "Dora" kwa Kijapani ni upatu, na kweli chapati hizo ni za mviringo na zina rangi ya shaba. Husemwa kwamba umbo hilo la chapati mbili lilianzia katika duka la Usagiya, mtaa wa Ueno mjini Tokyo, mwaka 1914.

"Maharage kwa sukari?" wenyeji wetu walicheka. Tukawakumbusha kwamba pwani wapo wanaopika maharage ya nazi kwa sukari na kuyala kwa mkate.

Wajapani hutumia maharage madogo mekundu yaitwayo azuki. Hatukuwa nayo, lakini kunde, choroko na njugu mawe ni jamaa zake wa karibu katika ukoo wa mimea. Tulichagua kunde nyekundu, kikombe kimoja, tukaziloweka usiku kucha. Asubuhi tulimwaga maji, tukazichemsha kidogo, tukamwaga tena maji hayo ili kuondoa ukakasi, kisha tukaanza upya na maji safi. Kama wewe utatumia maharage ya kawaida mekundu, usikose kuyaloweka na kuyachemsha kwa moto mkali angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, maana yakiwa mabichi yana sumu inayotapisha.

Hapo sisi walimu tulikosea. Tuliona jua limepanda, tukatia sukari kabla kunde hazijaiva sawasawa. Sukari ikitangulia, ganda hukaza. Tulichochea mkaa mara mbili na kunde zikabaki ngumu, hata mwenyeji wetu mmoja akauliza kwa upole kama Wajapani wana meno ya chuma. Ikabidi kuanzisha chungu kingine. Safari hii tulingoja mpaka kunde ikabonyezwa kwa vidole viwili ikapondeka. Ndipo tukazichuja, tukazisaga kwa mwiko, tukatia sukari nusu kikombe na chumvi kidogo sana, tukazirudisha motoni na kukoroga mpaka uji ukawa mzito, mwiko ukipita unaona chini ya sufuria.

Tulipokuwa tukitayarisha unga wa chapati, asali ilifunguliwa. Ilikuwa nyeusi kidogo na yenye harufu ya maua ya porini. Bibi mwenye nyumba alikuwa amempakata mjukuu wake wa miezi saba. Akachovya kidole katika kikombe cha asali, akakipeleka kinywani mwa mtoto.

Tuliangaliana. Kumzuia mama mkubwa nyumbani kwake, mbele ya wakwe zake, si jambo jepesi. Lakini kunyamaza kungekuwa ni kumkosea mtoto. Mmoja wetu alipiga magoti karibu yake na kusema, "Bibi, samahani sana. Tunaomba huyu asilambishwe asali bado."

"Wanangu saba wote niliwalambisha," alijibu. "Wako hai."

"Tunashukuru Mungu, bibi. Hata sisi, kabla ya kusomea uuguzi, tuliwalambisha wetu. Hatukujua."

Tukamweleza. Asali, hata iliyo safi kabisa, yaweza kuwa na mbegu za kijidudu fulani. Tumbo la mtu mzima huzishinda. Tumbo la mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja laweza kushindwa. Mbegu zikaota humo na kutoa sumu inayolegeza mwili. Mtoto hukosa choo, hunyonya kwa shida, sauti ya kilio hufifia, shingo hulegea, na mwisho pumzi huwa nzito. Ugonjwa huu, botulizimu, hutokea kwa nadra, lakini huua. Ukiona dalili hizo usingoje kesho, mpeleke mtoto hospitali. Tena kuchemsha au kuoka jikoni hakuziui mbegu zile, kwa hiyo hata chapati zenye asali asipewe. Mama anayenyonyesha anaweza kula asali bila wasiwasi.

Bibi alikaa kimya. Kisha akakitia kidole kinywani mwake mwenyewe, akasema, "Basi huyu tumpe nini? Maana anatutazama." Kwa bahati tulikuwa tumeweka kando kunde kidogo kabla ya kutia sukari. Tulizipondaponda vizuri, na mtoto akazipokea.

Tukaendelea. Piga mayai 3 na sukari nusu kikombe mpaka yatoe povu. Tia asali vijiko vikubwa 2, ndiyo inayoleta ulaini na ile rangi ya upatu. Chekecha humo unga wa ngano kikombe kimoja na nusu pamoja na beking pauda kijiko kidogo kimoja, ongeza maji vijiko vikubwa 3 au 4, ufunike nusu saa. Moto uwe mdogo sana, kwa kuwa asali huungua upesi. Paka kikaango mafuta, kisha uyafute kwa kitambaa. Mwaga upawa mdogo, ngoja vitundu vitokee juu, geuza mara moja tu, na upande wa pili usizidi dakika moja. Zifunike kwa kitambaa zisikauke. Zikipoa, paka kunde katikati na ubane kingo.

Tulipata jozi 8, zikaisha kabla ya chai. Wakiuza, wauze siku ileile, kwani kunde zilizopondwa huchacha upesi katika joto. Na kwa kuwa ni tamu mno, jozi moja yamtosha mtu.

Jioni bibi alitusindikiza stesheni akiwa na mjukuu mgongoni. Mama mmoja kijana mwenye kichanga alikuwa akiuliza bei ya asali. Kabla hatujafungua mdomo, bibi alimshika mkono. "Nunua, mwanangu, ni nzuri. Lakini ni yako wewe. Huyu mngojee atimize mwaka." Yule mama akamwuliza kwa nini, nao wakasogea kando ya reli wakizungumza, hadi treni yetu ilipopiga honi.