Maji Yanapogeuka Kijani

Kaskazi ianzapo kuvuma, sisi wake wa wavuvi wa Lamu huyatazama maji kabla ya makapu. Yakigeuka kijani, nyoyo hutulia. Miaka mingi tuliiona rangi ile kuwa uchafu, hadi tulipofahamu kuwa ni planktoni, vijimea vidogo mno. Huko kaskazini mkondo wa Somalia hukutana na ule utokao kusini. Maji baridi ya kilindini hupanda na rutuba yake, vijimea vikastawi, simu wakavila, na nguru wakawafuata simu.

Lakini mapema mwaka 2002 samaki wafu walitapakaa kutoka Somalia hadi Kiunga, na wataalamu wakataja vijimea vyenye sumu. Tangu hapo hatupiki samaki aliyeokotwa ufuoni, hata chungu kikiwa kitupu.